Simu ya Kungwi na Tovuti za Serikali

Dada yangu aliitwa kituo cha polisi mjini mwanzoni mwa msimu wa korosho, akaambiwa aende na simu yake. Alikwenda nayo, akarudi mikono mitupu. Alipofika mtaani kwangu Chuno, kwenye chumba ninachofanyia kazi ya steshenari, alikaa kwenye benchi la wateja kama mteja mwingine yeyote. Alisubiri nimalize kumtolea mtu nakala za vyeti, kisha akasema, "Mdogo wangu, wewe unayesoma kila kitu, niambie. Polisi wakitaka namba ya siri ya simu yangu, ni lazima niwape?"

Nilimwambia sijui, lakini nitajua. Nilisema hivyo bila wasiwasi. Shule niliiacha mapema; Kiingereza nilijifunza kwa kamusi na kompyuta kwa kuzifungua zilizokufa. Katika maisha yangu sijawahi kukutana na swali lililoandikiwa jibu ambalo nisingeweza kulipata kwa kutafuta kwa utaratibu.

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo. Laini moja ya simu ilikuwa imetumika kuwatapeli watu, kwa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na laini hiyo ilisajiliwa kwa alama ya kidole cha dada. Hakuwa ameitumia yeye. Alikuwa amemwazima mtu kidole.

Kwetu huku, kuanzia Nanyamba kushuka hadi vijiji vya mdomoni mwa Mto Ruvuma, wapo watu wengi wasio na kitambulisho cha taifa. Mwingine amezaliwa ng'ambo ya mto, nchi jirani, akaolewa upande huu, mwingine karatasi zake zimekwama ofisini, mwingine amechoka kufuatilia. Mtu wa namna hiyo akitaka laini ya simu humwendea jirani mwenye kitambulisho na kumwambia, "Niazime kidole." Kumnyima jirani kidole ni sawa na kumnyima kaa la moto la kuwashia jiko. Dada anaishi katika moja ya vijiji hivyo, anaheshimika, na kitambulisho anacho. Kwa hiyo alikuwa akiombwa kila mara.

"Umewaazima watu vidole vingapi?" nilimuuliza.

"Nani anahesabu vidole? Mwenyewe ninavyo kumi."

Hilo la laini halikumtia hofu. Alikuwa tayari kuwatajia polisi kila jirani aliyemsaidia. Alichokataa ni kuwafungulia simu yake. Dada yangu ni kungwi. Ndiye anayewafunda wasichana wakati wa unyago, na mafunzo hayo wanaume hatuyasikii. Hata mimi niliyezaliwa naye tumbo moja sijui wanachoambiwa, wala sijawahi kuuliza. Ndani ya simu yake kulikuwa na sauti. Bibi aliyemfunda yeye, kungwi mkuu wa upande wa kwao, alipougua na kuona hatainuka tena, alimruhusu amrekodi akieleza maana ya nyimbo moja baada ya nyingine. Dada alizituma sauti hizo kwenye kundi dogo la makungwi wenzake, wengine wameolewa Masasi, wengine Dar es Salaam, wengine ng'ambo ya mto. Yule bibi akafariki masika yaliyofuata.

"Lakini nyimbo si ni mafumbo?" nilimwambia. "Asiyejua akizisikia atasikia habari za kinu na mchi tu."

"Kuna wimbo, na kuna maelezo ya wimbo. Mimi nilirekodi maelezo."

Habari ya simu kushikwa ilipolifikia kundi, makungwi wenzake walikubaliana siku hiyohiyo: kila mmoja akafuta sauti zote kwenye simu yake. Kwa hiyo sauti ya bibi ilibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye simu iliyokuwa polisi. Na makungwi walitoa neno lingine, kwa upole, kupitia kwa mmoja wao. Kama simu itarudi kabla shule hazijafungwa Desemba, msimu wa wasichana kuchezwa unyago, na haijafunguliwa na mtu, dada ataingia unyagoni kama kawaida. Kama imefunguliwa, atakaa pembeni, kwa sababu siri itakuwa imevuja kupitia kwake.

Hiyo ndiyo kazi niliyojipa: kumpatia dada kifungu cha sheria.

Nilianza na sheria ya makosa ya mtandao, ambayo niliijua kwa jina kama wengi tunavyoijua. Nilidhani kazi hiyo ingekwisha kabla chai haijapoa. Tovuti ya kwanza ya serikali niliyoifungua ilikuwa na sehemu ya sheria na kanuni, na pembeni yake kitufe cha kuchagua lugha. Nilibonyeza Kiswahili. Menyu zikawa za Kiswahili, na orodha ya sheria ikatoweka. Niliporudi kwenye Kiingereza, orodha ikarejea. Nilijaribu tena nikidhani ni bando langu, kisha nikaijaribu kwenye kompyuta ya pili, na ikawa vilevile: mwenye kutaka kusoma kwa lugha yake alipewa vichwa vya habari, na sheria ikabaki upande wa pili.

Nakala ya Kiingereza yenyewe ilikuwa picha za kurasa zilizopigwa kwa mashine ya kunakili, zimeinama upande mmoja, kwa hiyo huwezi kutafuta neno ndani yake. Mimi nafanya kazi hiyo kila siku. Mteja akiletewa nakala iliyopinda namna ile hailipii, na ana haki. Niliichapa yote na kuisoma kwa kalamu mkononi. Nilijifunza kwamba kwa maana ya sheria simu ni kompyuta. Nilisoma habari za upekuzi, za kukamata vifaa, za afisa kudai data kwa mtu anayeishikilia. Lakini je, mwenye simu, ambaye hajashtakiwa kwa lolote, analazimika kuitamka namba yake ya siri? Kuna sentensi niliyoisoma jioni nikaona inamlazimisha, na kesho yake asubuhi nikaisoma tena nikaona haimgusi. Tena hapakuwa na alama yoyote juu ya ukurasa kunionyesha kama nakala ile ndiyo inayotumika sasa au ni ile ya kabla ya marekebisho. Nilikuwa nimesoma kwa makini kitu ambacho huenda kimeshabadilishwa.

Nikatafuta maelezo kwa raia. Yapo. Ni mabango ya rangi yenye katuni: kijana anasambaza uongo, kijana anashikwa pingu, mama anapokea ujumbe wa kitapeli, mama anatikisa kidole. Yanakueleza usitukane, usidanganye, usifungue viungo usivyovijua. Katika mabango yote niliyoyapata, polisi wanakuja kwenye picha ya mwisho na hadithi inakwishia hapo. Bango linaloeleza kinachofuata baada ya simu yako kuwekwa kwenye mfuko wa plastiki na kuandikwa namba, sikuliona.

Nikageukia jambo la pili, ambalo nilijua kidogo kwa kusoma kwangu: usimbaji fiche, yaani kuugeuza ujumbe uwe vurugu ya herufi ambayo mwenye ufunguo peke yake ndiye anayeweza kuirudisha ilivyokuwa. Programu waliyotumia makungwi husimba kila kitu. Nilitaka kujua serikali inasema nini juu ya raia anayemiliki ufunguo wake mwenyewe. Niliandika neno hilo kwenye visanduku vya kutafutia vya tovuti tatu au nne. Moja ilinipa picha za semina. Nyingine ilinipa tangazo kwamba wanaotumia VPN, ile njia ya kuficha mtu anapita wapi mtandaoni, watoe taarifa za matumizi yao. Nyingine ilinipa waraka mrefu wa mkakati, ambao mahali pamoja ulisema usimbaji ni nguzo ya kulinda taarifa za wananchi, na mahali pengine ukasema vyombo husika viwezeshwe kuzifikia taarifa zilizosimbwa. Jinsi hayo mawili yatakavyokaa nyumba moja haikuelezwa. Kulikuwa pia na mwongozo wa usalama wa mtandao ambao kichwa chake kilinipa matumaini, lakini kivinjari kilikataa kuufungua. Kilisema kufuli la tovuti hiyo limepitwa na muda na muunganisho wangu si salama. Nilikaa nikiuangalia ule ujumbe mwekundu. Sikuona cha kuchekesha.

Chini ya ukurasa mmoja palikuwa na namba ya kupiga. Nilipiga. Alipokea binti mwenye sauti nzuri.

"Mzee wangu, hayo yote yapo kwenye tovuti yetu."

"Niko kwenye tovuti yenu."

"Bonyeza palipoandikwa Machapisho."

"Nimebonyeza."

"Kimetokea nini?"

"Pameandikwa: ukurasa haujapatikana."

"Jaribu kwa kutumia kompyuta."

"Natumia kompyuta."

"Basi jaribu kwa simu, mzee wangu. Wengine kwa simu inakubali."

Simlaumu. Alikuwa amewekwa mlangoni pa nyumba ambayo yeye mwenyewe hajaingizwa ndani.

Baada ya hapo niliongozana na dada kituoni. Mpelelezi aliyeshika jalada lake alikuwa kijana wa kanda ya ziwa, mpole, mwenye mafua yaliyomkondesha. Alitukaribisha kwenye viti. Nilimuuliza anatumia kifungu gani kudai namba ya siri.

"Mzee, wewe ni wakili?"

"Hapana. Nina steshenari."

"Ahaa! Basi nichapie haya mafaili yangu, yananiua." Akacheka, akapenga kamasi. "Sheria inaruhusu, mzee. Ipo mtandaoni. Ingia tovuti ya serikali utaiona."

Nilitoa kwenye bahasha kurasa nilizochapa, nikamwomba anionyeshe kwa kidole. Alizipokea kwa heshima, akazipekua, akazigeuza ziwe wima kwa kuwa zilikuwa zimepinda, akanirudishia. "Hii Kiingereza yake ya mahakamani," alisema. "Mimi nimepewa maelekezo, mzee. Mama afungue, tuangalie kama kuna mawasiliano na huyo tapeli, aende zake nyumbani. Mama, kwani humo ndani kuna nini?"

"Kuna unyago," dada alijibu.

Kijana alidhani ni utani wa watu wa korosho. Alipoona hatucheki, alifikiri kidogo, kisha akafanya jambo ambalo kwa upande wake lilikuwa la busara: akamwita askari wa kike. Alikuja mama wa makamo, sare yake imenyooshwa vizuri, akamsalimu dada kwa kupiga goti kidogo.

"Huyu ni mwanamke mwenzio," mpelelezi alisema. "Mtaingia chumba kile wawili tu, mfungue, aangalie. Sisi wanaume hatutasikia."

Dada alimtazama yule askari kwa upendo. "Mwanangu, umechezwa?"

"Kuchezwa nini, mama?"

Dada akamgeukia mpelelezi. "Huyu bado mtoto."

"Mtoto!" Askari alishika kiuno. "Mama, mimi nina watoto watatu!"

"Hata paka anazaa."

Askari alicheka hadi akaegemea ukuta, akasema atahamia kijijini kwa dada achezwe na uzee wake. Mpelelezi naye alicheka, lakini aliandika kitu kwenye jalada. Nilipouliza ameandika nini, alisema ameandika kwamba mhusika hatoi ushirikiano. Nilimwomba aongeze kwamba mhusika ametoa majina yote ya walioazima kidole. Alisema hilo liko ukurasa mwingine.

Siku zile dada alilala kwangu. Asubuhi moja, akimenya mihogo uani, alitaka nimweleze huo usimbaji ninaousema kila saa. Nilimweleza kwamba sauti ya bibi ilipotoka kwenye simu yake kwenda kwa wenzake, njiani ilikuwa vurugu tupu. Mwenye mnara wa simu angeikamata asingeambulia kitu, wala kampuni ya programu, wala serikali. Inasikika tu inapofika kwenye simu ya mwenyewe.

"Basi mlango ni mmoja," alisema.

"Ni mmoja."

"Na ufunguo ninao mimi kichwani."

"Ndiyo."

"Sasa wewe unahangaika na makaratasi ya nini?"

Nilimwambia nahangaika kwa sababu kukataa kunaweza kuwa kosa, na kukubali kunaweza kuwa si lazima, na mtu mzima hapaswi kuchagua kati ya hayo mawili gizani. Aliendelea kumenya. "Ungekuwa msichana ungefundika vizuri," alisema. "Unapenda kuambiwa jambo mpaka mwisho wake."

Niliandika barua pepe mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Moja ilirudi ikisema sanduku la mpokeaji limejaa. Ya pili ilijibiwa. Walinishukuru kwa kuwasiliana nao na kunielekeza kwenye tovuti. Nilimwendea wakili mmoja mjini. Alinisikiliza vizuri, akasema ni swali zuri sana, lingefaa kupelekwa mahakama kuu likaamuliwe, akanieleza hilo lingechukua muda gani. Tulikuwa tumeshaingia Novemba. Malori yalikuwa yamepanga foleni ya kwenda bandarini, na kila aliyeingia dukani kwangu alinuka vumbi la magunia.

Shule zilifungwa simu ikiwa bado kituoni. Yule kungwi mjumbe alikuja mwenyewe, akaleta karanga na salamu, akakaa na dada ndani kwa muda. Alipoondoka, dada alitoka akaniambia ameambiwa apumzike mwaka huu. Alilitamka neno hilo, kupumzika, bila kubadilisha sura. Wasichana aliowaahidi mama zao tangu wakiwa wadogo walifundwa na mwingine. Yeye alibaki Chuno akinisaidia kupanga karatasi, na kwa kuwa hajui kukaa bure alizipanga vizuri kuliko mimi.

Shule zilikuwa zimeshafunguliwa tena mpelelezi aliponipigia tukachukue simu. Tulipofika alikuwa amepona mafua. Alisema laini ile ilikuwa imepita mikono mingi na kuishia mbali, wilaya nyingine kabisa, na aliyekuwa anaitumia amekamatwa kwa kumbukumbu za miamala zilizotoka kampuni ya simu. Cha ndani ya simu ya mama hawakukihitaji.

"Hamkukihitaji tangu lini?" nilimuuliza.

"Ndiyo mambo ya upelelezi, mzee. Hujui mpaka ujue."

"Mliifungua?"

"Ilikuwa inakaa tu na vielelezo vingine."

"Muda wote ilikuwa hapa?"

"Kuna kipindi ilipelekwa kwa wataalamu. Ni utaratibu."

"Hao wataalamu waliifungua?"

Alinitazama kwa uchovu wa mtu ambaye amejibu mengi. "Mzee, simu ya mama si hii hapa? Haina hata mkwaruzo. Asaini hapa."

Dada alisaini. Tulipofika dukani niliichomeka kwenye chaji, tukakaa tukiisubiri iwake kama watu wanaomsubiri mgonjwa afumbue macho. Ilipowaka aliiangalia bila kuigusa.

"Waliisikia?" aliniuliza.

Nilimweleza ninachokijua. Njiani ujumbe ulikuwa umesimbwa. Simu yenyewe ilikuwa imefungwa, na namba ya siri hakuitoa. Kwa kawaida hiyo inatosha. Lakini nilikuwa nimesoma kwenye kurasa za nchi nyingine kwamba vipo vyombo vya kufungulia simu zilizofungwa, na kwamba baadhi ya serikali zinavyo. Kama wataalamu wetu wanavyo, na kama wanaruhusiwa kuvitumia kwa mtu asiyeshtakiwa, nilikuwa nimelitafuta jibu hilo pia, na hakuna ukurasa uliolisema.

"Kwa hiyo una hakika au huna?"

Neno moja la ndiyo lingetosha. Angelipokea, kwa sababu ananiamini katika mambo haya kama mimi ninavyomwamini katika yake. Lakini angelichukua neno langu akalipeleke kwa wenzake, awaapie kwalo.

"Sina hakika," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa polepole. Kisha aliniuliza namna ya kuifuta sauti isirudi tena, hata kwa hao wenye vyombo. Hilo nililijua. Simu za siku hizi huhifadhi kila kitu kikiwa kimesimbwa, hata kikiwa kimelala humohumo ndani. Ukiirudisha kama ilivyotoka kiwandani, ufunguo wa ndani unateketezwa, na kinachobaki hakuna mtu wala chombo cha kukisoma. Nilimweleza hivyo. Nikamwambia pia kwamba hana nakala pengine popote, nilishakagua, na wenzake walishafuta.

"Huwezi kungoja?" nilisema. "Huenda nitapata jibu. Nimebakiza sehemu moja ya kuandikia."

"Na likija jibu kwamba waliisikia?"

Niliinuka. "Basi msikilize kwanza. Nitatoka nje, nitafunga mlango."

"Nilimsikiliza akiwa hai."

Nilimwonyesha pa kubonyeza. Simu ilidai namba ya siri kabla ya kukubali. Akanigeuzia mgongo, akaiingiza, akakaa hivyohivyo ameinama mpaka kioo kikawa cheusi. Mteja aliingia akitaka picha za pasipoti. Nikamwomba asubiri nje. Simu ilipowaka tena ilimuuliza anataka lugha gani. Aliipeleka orodha chini, chini zaidi, akaipandisha, akanipa.

"Nitafutie Kiswahili," alisema.